Injini gani ya chesi ikufundishe? Usikimbilie ile kali kuliko zote

Swali naloulizwa sana na vijana wanaoanza chesi ni hili, "kaka injini gani kali zaidi niiweke kwenye simu nijifunze?" (injini ni programu ya kompyuta inayocheza chesi), na jibu la nusu ya kwanza ya swali ni rahisi, Stockfish, ni ya bure na ina nguvu kuliko binadamu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya ubao. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, alifika ratingi (namba ya kupima nguvu ya mchezaji) 2882 mwaka 2014 na hakuna mtu aliyeivuka mpaka leo, Stockfish iko mbali sana juu ya hapo hata ikiwa kwenye simu yako ya kawaida. Ila nusu ya pili ya swali, nijifunze, ndo inayobadilisha kila kitu, maana ukali ni kitu kimoja na kukufundisha wewe ni kitu kingine.

Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima hapo. Kila usiku nafungua injini, naiweka nguvu zote, napigwa, nalala. Nlikuwa naamini nikizoea kipigo cha mkubwa basi hawa wadogo watakuwa mteremko. Kilichotokea ni kwamba nilijifunza kucheza kwa woga, nabadilishana kete haraka haraka ili gemu liishe nisiumie sana, na kibaya zaidi nilisahau kuokota. Injini ya nguvu zote haiachi farasi wake bila ulinzi hata siku moja, sasa ukicheza nayo peke yake kwa miezi, jicho lako linaacha kutafuta kete iliyoachwa wazi, unakuja kukaa na binadamu mwenzio, anaacha ngome ya bure kabisa pale, na wewe huioni kwa sababu kichwani ushajiambia mpinzani hakosei. Iliniuma sana siku nilipoelewa hilo, na ndo maana naandika hivi kwa urefu.

Kwahiyo kabla hujachagua injini jiulize unaitaka kwa kazi gani. Kuna kazi ya kuwa mpinzani, yani wa kucheza naye. Kuna kazi ya ukaguzi, gemu likiisha ikuonyeshe ulipoharibu. Na kuna kazi ya kukubana kwenye mwisho wa gemu, zile kete zikibaki chache. Injini moja haizifanyi zote vizuri, na watu wengi wanakwama kwa sababu wanaichukua ya ukaguzi wanaifanya mpinzani.

Nianze na ile namba ya pembeni, ile injini inayoonyesha nani anaongoza na kwa kiasi gani, maana ndo inawapoteza wengi. Unaona +1.00 unafikiri mweupe kazidi askari mmoja (askari namaanisha zile kete ndogo nane za mbele). Zamani ilikuwa karibu na hivo. Saivi, tangu Stockfish toleo la 15.1 la mwisho wa 2022, +1.00 imepimwa upya, maana yake ni kwamba injini ikicheza na injini mwenzake wa nguvu hiyohiyo kutoka hapo, mweupe ana nafasi 50 kwa 100 za kushinda. Soma tena hiyo sentensi. Injini na injini. Haisemi chochote kuhusu wewe na yule jamaa yako mnaocheza dakika kumi kumi jioni. Hali inaweza kuwa na 0.00 kabisa, sare tupu kwa mashine, lakini upande mmoja una muvu moja tu ya kuokoa jahazi na muvu hiyo hata mabingwa wangeitafuta kwa jasho, upande mwingine kila unachogusa kinafaa. Kwa binadamu hiyo sio sare hata kidogo.

Na namba haina maelezo. Zamani Stockfish ilikuwa na kanuni zilizoandikwa na watu kwa mkono, usalama wa mfalme kiasi fulani, askari waliogawanyika kiasi fulani. Mwaka 2020 toleo la 12 likaingiza mtandao mdogo wa neva (mfumo unaojifunza wenyewe kupima hali za ubao) unaoitwa NNUE, nguvu zikapanda sana, na kufika toleo la 16.1 mwaka 2024 zile kanuni za mkono zikatolewa zote. Kwa ushindi ni sawa kabisa, kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba ukiiuliza "kwa nini" haina cha kukujibu, ina namba na msururu wa muvu basi.

Ngoja nikupe mfano unaoujua (herufi na namba kama e4 ni jina la mraba kete inakoenda). Ufunguzi wa Kiitaliano: askari e4, askari e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, af mweupe anaruka na farasi g5 analenga f7. Mweusi anasukuma d5, mweupe anakula d5. Hapo mtu wa kawaida mwenye mweusi anakula kwa farasi, maana kaliwa na yeye anakula, hesabu inaonekana imekaa sawa. Ndo pale mweupe anaweza kutoa farasi pale f7, mfalme anakula, malkia anakuja f3 na sheki, na mfalme wa mweusi akitaka kumlinda farasi wake wa d5 inabidi atoke mpaka e6 katikati ya ubao, na kwenye gemu za sisi wa kawaida huyo mfalme mara nyingi harudi nyumbani. Injini inakuambia mweusi acheze farasi a5. Farasi ukingoni! Na askari mmoja kashapotea! Na namba inasema mweupe hana faida ya maana. Mwanafunzi anaangalia, haelewi, anakariri tu "farasi a5" anaenda. Wiki ijayo mpinzani anacheza tofauti kidogo na kukariri kote kumekwisha. Sababu ipo na sio ngumu, farasi wa a5 anamsukuma askofu wa c4, askofu akitoa sheki b5 mweusi anaweka askari c6, wanakulana, na mweusi anapata muda wa kutoa kete zake huku za mweupe zinakimbizwa huku na kule. Askari mmoja kanunua muda. Lakini hiyo sababu utaipata kwa mtu, au kwa kuicheza hali hiyo mara kumi kutoka pande zote mbili, ile namba haitakupa.

Sasa mpinzani. Wengi wanafanya hivi, wanachukua Stockfish wanaipunguza nguvu, levo ya tatu, levo ya nne. Si vibaya kuanza hapo hasa kama huna kingine, lakini jua inavyopunguzwa. Stockfish ikipunguzwa kile kiwango chake cha ustadi, inaangalia muvu kadhaa nzuri, af kwa bahati nasibu inachagua iliyo mbovu zaidi mara kwa mara, na programu nyingine zinaongeza kuizuia isitazame mbali. Matokeo yake unacheza na mtu wa ajabu, muvu kumi na mbili anacheza kama malaika, ya kumi na tatu anakuachia malkia bila sababu yoyote, af anarudi kuwa malaika. Hakuna binadamu anayekosea hivo. Binadamu anakosea kwa sababu, kaona shambulio lake akasahau lako, kasahau askofu wa mbali anayetazama kwa mshazari, kafurahia kula. Hayo makosa yana sura na unatakiwa uzoee sura zake, ndo mazoezi yenyewe hayo.

Hapo ndo napowaambia watu wajaribu Maia. Hii ilitoka 2020, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft Research, na walichofanya ni tofauti kabisa na wengine. Badala ya kuifundisha mashine kutafuta muvu bora, waliifundisha kukisia muvu ambayo binadamu wa kiwango fulani atacheza, kwa kutumia mamilioni ya gemu za watu wa kawaida wa Lichess, tovuti ya bure ya kucheza chesi. Wakatoa tisa, kutoka ratingi 1100 mpaka 1900 kila baada ya mia. Na inacheza bila kupiga hesabu za mbele kabisa, inatazama ubao na kusema "mtu wa 1300 hapa angecheza hivi". Kwahiyo ule mfano wa juu, ukiicheza na Maia ya chini usishangae kuona inakula d5 kwa farasi kama binadamu wanavyofanya, na hapo unapata nafasi ya kufanya mazoezi ya kuadhibu kosa ambalo utalikuta kweli kesho.

Lichess ziko tatu kama boti (akaunti zinazochezwa na kompyuta) unaweza kuzipa chalenji saa yoyote, maia1 ni ile ya 1100, maia5 ni ya 1500, maia9 ni ya 1900. Angalizo moja, usione 1100 ukadharau, maia1 ratingi yake ya pale Lichess imekaa juu ya hiyo 1100, na sababu ni nzuri kuijua: muvu ambayo watu wengi wa 1100 wangeipenda ni bora kuliko muvu ya mtu mmoja mmoja wa 1100, kwa sababu kila mtu ana boko zake binafsi (makosa makubwa) na ukichukua wengi kwa pamoja boko hizo zinafutana. Kwahiyo kama ratingi yako ni 1200 anza na maia1 na hesabu kwamba ni mpinzani kamili. Na ratingi za Lichess kwa kawaida ziko juu ya za Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, kwa mtu yuleyule, usizilinganishe ukaanza kujikatisha tamaa.

Maia ina udhaifu wake na lazima niseme. Kwa kuwa haipigi hesabu, mwisho wa gemu inapotea, kete zikibaki chache inazungukazunguka, inashindwa kumalizia vitu vya wazi. Ukiona hivo usijisifu umeifunga kwenye mwisho wa gemu, hapo hujapimwa. Ndo nilichosema, mpinzani wa katikati ya gemu na mpinzani wa mwisho wa gemu ni wawili tofauti.

Kama una kompyuta, hata ya zamani, weka Lucas Chess. Ni ya bure, inakaa kwenye Windows na Linux, na ndani yake kuna injini kibao zimepangwa kutoka dhaifu kabisa mpaka kali, na Maia zote zimo humo, hauhitaji bando ukishaishusha. Kwa simu ya Android kuna DroidFish, nayo ya bure, Stockfish iko ndani tayari, inafanya kazi nje ya mtandao, safarini kwenye basi unachambua gemu lako bila shida. Apu ya Lichess pia inachambua ndani ya simu yenyewe. Sioni haja ya kulipia chochote mpaka ufike mbali sana, nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wanachangishana hela ya programu ya kulipia wakati walichokuwa wanakihitaji kilikuwa bure muda wote.

Tuje kwenye ukaguzi, na hapa Stockfish ndo yenyewe, hapa ukali wake unakufaa. Ila namna ya kuitumia ndo kila kitu. Gemu likiisha usibonyeze uchambuzi. Naomba sana hapa. Pitia gemu lako mwenyewe kwanza bila injini, andika kwenye daftari au kwenye simu, "hapa niliogopa farasi, hapa sikujua nifanye nini nikasukuma askari wa pembeni, hapa nilidhani nashinda". Dakika kumi zinatosha. Ndipo uwashe. Sababu ni kwamba ukiwasha kwanza, ubongo unakubali jibu kirahisi na kukuambia "aah ndio nilijua", na hukujua. Ukiwa umeandika, unaweza kulinganisha ulichofikiri na kilichokuwepo, na pale palipotofautiana sana ndo pa kufanyia kazi, sio kila kialama chekundu.

Af weka mistari mitatu, sio mmoja. Karibu kila programu ina sehemu ya kuchagua injini ionyeshe muvu bora ngapi kwa pamoja. Ukiona ya kwanza ni +2.5, ya pili +0.1, ya tatu −0.4, jua hapo kuna kitu kimoja tu cha kuona, kuna shambulio au kete inayoliwa, kaa hapo mpaka ulione kwa macho yako. Ukiona 0.4, 0.35, 0.3, achana napo, muvu zote ni nzuri, chagua ile unayoielewa usonge mbele, hata kama programu imekuwekea alama kwamba hukucheza bora. Nimeona watu wanahuzunika kwa tofauti ya 0.2, wakati gemu lenyewe walipoteza kwa kuacha askofu aliwe muvu kumi baadaye. Na kama muvu ya injini haikuingii akilini, fanya hivi: icheze ubaoni, kisha mjibu wewe mwenyewe kwa ile muvu ambayo ungeicheza kama mpinzani, uone injini inaiadhibu vipi. Swali lako la kweli huwa "sasa mbona nisingecheza hivi?" na hiyo ndo njia ya kuliuliza. Kwenye kompyuta, ubao wa uchambuzi wa Lichess ukibonyeza herufi x inakuonyesha mpinzani anatishia nini kama usipofanya kitu, kwangu mimi hiyo ina thamani kuliko namba yoyote maana boko nyingi za watu wa kawaida zinatokana na kutouliza "huyu anataka nini".

Lichess pia ina sehemu ya kujifunza kutokana na makosa yako, ikishachambua inakurudisha kwenye kila boko na kukuambia tafuta muvu nzuri zaidi wewe mwenyewe. Tumia hiyo kuliko kusoma tu mshale. Na tazama pia ile hazina ya gemu za wachezaji wa Lichess kwenye ufunguzi, unaweza kuchuja kwa ratingi ukaona watu wa kiwango chako wanacheza nini hasa baada ya muvu yako. Injini haipendi ile gambiti ya mfalme (ufunguzi wa kutoa askari mapema), e4 e5 f4, inasema mweusi yuko vizuri kidogo, lakini kwa watu wa 1300 mweusi anatakiwa ajue mengi sana ili auonyeshe huo uzuri. Injini na takwimu za watu ukiziweka pamoja unapata picha kamili.

Kuna Leela nayo, Leela Chess Zero, iliyoanza 2018 ikifuata njia ya AlphaZero, injini ya kampuni ya DeepMind, ya kujifunza kwa kucheza na nafsi yake. Ni kali, inapenda kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, na kwa mwanafunzi wa kawaida kama mkaguzi haikupi kitu ambacho Stockfish haikupi. Ila ina boti zake Lichess ambazo nazipenda kuliko kitu kingine kwa kazi moja maalum, LeelaKnightOdds, LeelaRookOdds na LeelaQueenOdds. Zinaanza gemu zikiwa zimejitoa kete, farasi au ngome au hata malkia, na zimetengenezwa kukusumbua, zinaweka mitego, zinaficha, hazibadilishani kete ovyo. Ugonjwa mkubwa wa wachezaji wetu ni kushindwa kumaliza gemu walilokwisha shinda, na hapa una dawa: umepewa malkia mzima bure, haya shinda. Anza na ya malkia, na usione aibu ukipigwa mwanzoni, wanaopigwa ni wengi na wazuri.

Kuhusu zile programu za kuongea za AI, usizifanye injini. Zinakuelezea vizuri kwa lugha tamu, wakati mwingine zinapendekeza muvu isiyowezekana kisheria, na wewe unayejifunza ndo huwezi kuigundua. Na injini yoyote isiguse gemu la ratingi linaloendelea, hata lile la siku nyingi kwa muvu, akaunti inafungwa na zaidi ya hapo unamwibia mwenzio jioni yake.

Sasa ile kazi ya tatu, na hapa nageuka kabisa, hapa nataka ile Stockfish ya nguvu zote ambayo mwanzoni nimekukataza. Mwisho wa gemu una majibu. Kete zikiwa saba au pungufu kwa jumla ya pande zote mbili kuna majedwali ya Syzygy yaliyohesabu kila kitu mpaka mwisho, Lichess wanayo, unaweka hali inakuambia ni ushindi au sare, hakuna makisio. Kwahiyo panga mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, cheza na injini mpaka uchekimeti bila kufikiri sana. Af mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme, weka hali ya kushinda ucheze, weka hali ya sare ujilinde, kosea hatua moja ya mfalme na injini itakuonyesha palepale kwamba ushindi umeyeyuka. Binadamu angekusamehe ungeondoka na kosa lako, injini haikuachii. Af nenda ngome na askari dhidi ya ngome. Dakika kumi na tano kila siku, kabla ya kucheza gemu lolote.

Na zile gemu zako ulizokuwa unashinda ukapoteza, usizitupe. Fungua pale ulipokuwa juu, chagua kuendelea na kompyuta kutoka hapo, levo ya kati kwanza, ukishinda mara mbili mfululizo panda levo. Maia nayo panda ukiona unaishinda sita katika kumi bila ya yenyewe kukuachia kitu cha wazi, kutoka 1100 nenda 1300 kwenye Lucas Chess au moja kwa moja maia5, utapigwa wiki mbili za mwanzo, vumilia, daftari lako litakuambia unapigwa wapi.